Maji Yaligoma Dhiraa ya Kumi na Nane

Serravalda, 12 Novemba 1641

Shemeji Lattanzio,

Weka chini hiyo bilauri kabla hujaendelea kusoma, maana utapaliwa. Jana shemeji yako amekula nyama iliyotoka kwenye sahani ya Mtawala mwenyewe. Nyama ya paa, na mchuzi wa mvinyo juu yake. Mwambie Ersilia kwamba kaka yake, yule mwizi wa zeituni jikoni kwa mama, sasa analishwa na mkono wenye pete.

Ilikuwa hivi. Unaijua desturi ya hapa: chakula kikiisha hatuondoki mezani mpaka sisi wasomi tuwe tumewachangamsha wakubwa. Mtukufu Mtawala hutaja swali, kisha karatasi hutiwa kwenye kofia ya katibu na kila mmoja anaokota upande wake. Unachokiamini hakuna anayekuuliza. Ukiokota kwamba theluji ni nyeusi, utaitetea hivyo hivyo mpaka watu wapige makofi. Jana swali lilikuwa pampu: je, kuna kimo ambacho maji ya kuvutwa hayawezi kupita? Padri mgeni kutoka Roma akaokota "kipo". Mimi nikaokota "hakipo".

Nilicheka moyoni. Nilikumbuka mimi na wewe kwenye ngazi za mnara wa kanisa, mwalimu wetu mzee yuko juu anafoka, "Vuteni, wavivu ninyi!", na maji ndani ya bomba yamegoma dhiraa ya kumi na nane kama punda mbele ya daraja. Tulibadili ngozi ya pampu, tukabadili bomba, tukapaka nta kila mahali hadi kwenye nywele zetu. Dhiraa kumi na nane, basi. Sababu hatukuijua siku ile na mimi hata leo siijui.

Sasa, shemeji, nikasimama nikayakana yote hayo. Nikasema maji hayana kosa, wenye kosa ni mafundi. Nikasema maumbile yanauchukia utupu, hukimbilia kujaza kila mahali palipo wazi, na chuki haipimwi kwa dhiraa. Hapo walipiga meza. Nikasema maji yakisimama njiani, tafuteni ngozi iliyochoka au kiungio kinachovuja, na mkitafuta vizuri mtakiona. Padri akasema yeye ameziona kwa macho yake pampu zikishindwa. Nikamwuliza, "Na watu wangapi umewaona wakishindwa kuwa watakatifu, Baba? Ndiyo kusema mbingu ina dari?" Mtukufu alicheka mpaka akashika shavu lenye jino bovu. Ndipo ikaja ile nyama.

Nisalimie dada yangu. Mwambie siku moja nitawaleta huku nyote wawili mlale kwenye mito ya manyoya.

Wako,
Baccio Ardengoli


Pietracava, 30 Novemba 1641

Shemeji Baccio,

Nimepaliwa, umefurahi? Ersilia anasema hongera kwa nyama ya paa, na anasema zile zeituni hajazisamehe.

Nilicheka kwa hoja ya watakatifu, sikufichi. Lakini mbele ya watu wakubwa mdomo una gharama, na mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu kama Mtawala hasikilizi kama mimi ninavyosikiliza. Yeye akicheka leo, kesho kuna mtu anabeba mawe kwa sababu ya kicheko hicho. Chunga.

Huku kwetu hakuna jipya. Mji uko palepale juu ya mwamba na maji yako palepale chini korongoni. Asubuhi hii Ersilia ameteremka na ndoo mara mbili, na tumbo lake unalijua limefika wapi. Nimemkataza, ameniambia nikamilishe kwanza pampu zangu ndipo nianze kukataza watu. Ana haki. Ni mwaka wa pili sasa ombi langu linalala kwa Katibu Fabrizio: pampu mbili na birika katikati, maji yapande nusu, yapumzike, yapande nusu nyingine. Hakuna maajabu ndani yake. Ni kazi ya kawaida inayotaka ruhusa tu.

Kwa kuwa sasa mnakula sahani moja, mtajie Mtukufu jina la Pietracava. Jina tu, shemeji. Mengine nitamwandikia mwenyewe.

Lattanzio Cerbai


Serravalda, 20 Desemba 1641

Shemeji,

Nimelitaja. Laiti ningejua namna ya kulitaja!

Nilisema, "Mtukufu, kuna mji wako juu ya mwamba, wanawake wanashuka korongoni kuteka maji." Hata sijamaliza, akapiga goti lake kwa kiganja. "Kimo gani?" Nikasema kama dhiraa thelathini. Akawageukia mabalozi, akasema, "Mnaona? Baccio ametuthibitishia kwamba kimo si kitu. Tutatia bomba moja, toka chini hadi juu, na mwezi wa Mei nitakwenda kuyanywa mwenyewe." Wakashangilia. Mabalozi wawili wakaandika kwa mabwana zao usiku uleule.

Kazi umepewa wewe. Mbao, risasi ya kutengenezea bomba, ngozi, watu, vyote vitakuja kabla ya Kwaresima. Ulitaka ruhusa, umeipata. Najua utakachosema. Sikupata nafasi ya kumsahihisha, maana alikuwa na furaha, na furaha ya mtu huyu ndiyo paa la nyumba yetu sote. Tafuta njia, Lattanzio. Wewe ndiye fundi kati yetu.

Baccio


Pietracava, 3 Januari 1642

Baccio,

Bomba moja la dhiraa thelathini! Ulikuwepo mnarani. Nta ilikuwa kwenye nywele zako kama zangu. Unaniambia nitafute njia. Niitafute wapi, kwa mganga?

Mwezi wa Mei Mtawala atasimama uwanjani kwetu na kikombe mkononi, na maji yatakuwa yamesimama dhiraa kumi na mbili chini ya miguu yake. Nani ataitwa mzembe? Si wewe. Kitabu cha sheria za mafundi unakijua: aliyeharibu kazi ya Mtawala haruhusiwi kushika nyundo tena katika nchi hii. Mtoto wetu anazaliwa Machi.

Sikuombi ushujaa. Nakuomba sentensi moja. Mwambie, "Mtukufu, ule ulikuwa mchezo wa mezani, nami niliokota upande wa uongo." Yeye ndiye aliyetunga mchezo, atauelewa. Padri alishindwa kwa sababu ulikuwa mchekeshaji kumshinda. Sema hivyo, cheka naye, na yaishe.

Ersilia anakusalimu. Leo hajaongeza utani.

Lattanzio


Serravalda, 19 Januari 1642

Shemeji yangu mpenzi,

Nilikwenda. Naapa nilikwenda, na sentensi yako niliibeba mdomoni kama yai. Mtukufu alikuwa anamlisha kipanga wake, na balozi wa Parma yuko naye. Kabla sijafungua kinywa akamwambia balozi, "Huyu ndiye aliyemnyamazisha padri wa Roma. Chemchemi yangu itawanyamazisha waliobaki." Chemchemi yangu, alisema. Nilimeza yai zima zima.

Huwezi kulijua jambo hili ukiwa huko. Neno ambalo Mtawala amelipigia makofi si lako tena. Ni lake, kama farasi wake na mbwa wake wa kuwinda. Kusema ni uongo ni kumwambia mbele ya wageni kwamba alipigia makofi uongo.

Ila nimekesha nikiwaza, na nimepata hili. Katikati ya ule ukuta wa korongo kuna pango alilokaa mtawa zamani. Weka humo birika lako na pampu yako ya kwanza. Mdomo wa pango uzibe kwa mbao, na juu ya mbao mchore Mtakatifu Kristoforo akivuka mto. Watu watadhani ni mahali pa sala. Kwa nje litaonekana bomba moja tu linapita mbele ya mtakatifu. Mtukufu atapata chemchemi, wewe utabaki na nyundo yako, na Ersilia hatashuka tena na ndoo. Nani anaumia hapo? Niambie hata mmoja.

Baccio


Pietracava, 2 Juni 1642

Baccio,

Uliondoka na msafara kabla sijatoka pangoni, kwa hiyo hatukuonana. Acha nikueleze mimi nilivyoiona sherehe.

Sikuiona. Mlipokuwa uwanjani na tarumbeta, mimi na Nanni mtengeneza mapipa tulikuwa nyuma ya Mtakatifu Kristoforo, tumevua mashati, tunasukuma mpini. Nilijua maji yamefika kwa sababu makofi yalipita kwenye mwamba. Nanni akaniambia, "Bwana mkubwa, wanakupigia wewe hao." Nikamwambia wanampigia Baccio. Akacheka, akasema, "Basi mwambie aje ashike na mpini."

Nina aibu, na pia nina furaha, sijui niseme nini zaidi. Ersilia amemwogesha mwanetu Dianora kwa maji ya uwanjani, na wanawake wakongwe wanakaa pale kutwa wanayatazama tu yakitoka. Mmoja anaitwa Mona Bice alishuka korongoni kwa miaka hamsini. Alinishika mkono akalia. Kwa ajili ya huyo niliukubali uongo wako, na nadhani ningeukubali tena.

Lakini uishie hapa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, sawa, tumeyaoga. Usiandike popote. Ukiulizwa, sema mambo ya falsafa yasiyoeleweka. Nakuomba kama ndugu.

Lattanzio


Serravalda, 25 Julai 1642

Shemeji,

Nakuandikia nikiwa na mkufu wa dhahabu wa Mtukufu shingoni, na ni mzito kuliko nilivyodhani. Nisikufiche, nilipovikwa nililia, na si kwa uchungu. Marehemu baba alikufa akiamini sitakuwa kitu.

Kuhusu kitabu ambacho Mtukufu ametaka nikiandike juu ya bomba lako, usikasirike. Nilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili sikuulizwa. Mtukufu anataka katika kila kasri wasome kwamba katika nchi yake maji yamepandishwa kwa bomba moja, na mchoraji wake amechora Pietracava vizuri sana, mpaka punda wa Mona Bice yumo. Pango halimo. Na ile hoja yangu ya ngozi na viungio, kwamba maji yakisimama ni lazima pawepo panapovuja, ameagiza iwekwe kwa herufi kubwa, kwa kuwa aliipenda.

Ni kitabu cha kumsifu mkubwa, shemeji, kama shairi la harusi. Nani anajenga nyumba kwa kufuata shairi la harusi? Na nimekuombea cheo: Msimamizi wa Maji wa Mtawala. Barua itakufikia kabla ya mavuno.

Mbusu Dianora. Ana macho ya nani?

Baccio


Pietracava, 14 Oktoba 1642

Baccio,

Uliniuliza nani anaumia, nikuonyeshe hata mmoja. Sasa soma.

Ng'ambo ya mpaka, Montegrigio, kuna mgodi wa fedha. Msimamizi wake, Bwana Tebaldo, amekisoma kitabu chako. Walikuwa na pampu za zamani, ndogo ndogo, moja juu ya nyingine kama ngazi, kila moja na birika lake. Wameziondoa zote. Wametia bomba moja la dhiraa arobaini, na bila shaka maji hayaji. Basi wamefungua kitabu, wakafika kwenye yale maneno ya herufi kubwa. Kila asubuhi Tebaldo anawashusha watu hadi chini kabisa wakatafute panapovuja. Wanabadili ngozi, wanapaka nta, na maji yanazidi kuwapanda magotini. Hapavuji popote, Baccio. Wanatafuta kitu ambacho wewe ulikitunga ili Mtawala acheke.

Aliniandikia kama mjenzi wa Pietracava, aniulize tulitumia nta gani. Nilimjibu ukweli wote, pamoja na pango. Amenirudishia kwamba fundi anayempinga mwanafalsafa wa Mtawala huenda ana wivu, au anataka kuuza pampu mbili pale ambapo moja inatosha. Hataamini neno lisilo na sahihi yako.

Naondoka kesho kwa nyumbu. Wewe andika leo: "Maji ya kuvutwa hayapiti dhiraa kumi na nane. Rudisheni pampu za zamani." Tia jina lako. Mpe tarishi wa kasri, atafika Montegrigio kabla yangu. Mvua za vuli zimeanza milimani, na mgodi ule umezungukwa na mashimo ya kale yaliyojaa maji.

Sikukulazimisha Januari, na ninajuta. Sasa nakulazimisha.

Lattanzio


Serravalda, 23 Oktoba 1642

Shemeji yangu,

Sijui kama umeshaondoka, kwa hiyo naituma hii nyumbani.

Ile barua ya Montegrigio nimeiandika siku ileile niliyopata yako. Ipo hapa mbele yangu, imekamilika, ina jina langu. Lakini barua inayovuka mpaka lazima ipite kwa Katibu Fabrizio, na tarishi hachukui kitu kisicho na muhuri wake. Fabrizio ameisoma, akasema, "Bwana Baccio, hii inasema Mtukufu ametoa kitabu cha uongo." Anataka Mtukufu aione kwanza. Mtukufu yuko msituni anawinda ngiri. Atarudi baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote.

Ningeweza kumlipa mtu wa kawaida aipeleke kimyakimya, hilo nimelifikiria. Ila ikijulikana, kupoteza mkufu litakuwa jambo dogo. Hata cheo chako kingepotea. Subiri kidogo tu. Nitamshika akiwa amefurahi, baada ya mawindo huwa amefurahi. Wakati huo usiteremke shimoni, na mwambie Tebaldo kwamba barua inakuja.

Kidogo tu, Lattanzio.

Baccio


Pietracava, 9 Novemba 1642

Kaka Baccio,

Lattanzio amefariki.

Nakuandikia mimi kwa sababu hakuna mwingine. Tumemzika Montegrigio, maana njia ilikuwa mbaya na mwili haukuweza kusubiri. Nilirudi nyumbani nikaikuta barua yako inayosema subiri kidogo. Wanawake waliokuja kunipa pole ndio walioipokea, wakaiweka juu ya meza karibu na mkate.

Aliyenisimulia ni mpishi wa mgodi, mama mmoja anaitwa Menica. Anasema Tebaldo alimkaribisha vizuri, akampa supu, akamwuliza, "Una barua ya Bwana Baccio?" Akajibu ipo njiani. Kila asubuhi alikwenda kusimama barabarani kumngoja tarishi. Menica alimtania, "Wewe unangoja mchumba?" Akamwambia, "Namngoja shemeji yangu. Anachelewa, lakini hajawahi kunitupa."

Siku ya tano mvua ilinyesha toka alfajiri, na Tebaldo akawashusha watu wanne tena wakatafute panapovuja. Lattanzio akasema hawezi kukaa anakunywa supu. Akawafuata awapandishe. Ukuta wa shimo la kale ukapasuka. Alitoka mmoja kati ya wale wanne, yule ambaye Lattanzio alimsukuma kwanza kwenye ngazi. Anaitwa Duccio. Alikuja mazishini, hakuweza kunitazama.

Hata kukuchukia siwezi vizuri, Baccio. Nikianza, nakuona una miaka minane, mdomo umejaa zeituni. Kinachoniua ni kwamba alikuamini mpaka asubuhi ile.

Nimekwenda na Nanni, tumeing'oa picha ya Mtakatifu Kristoforo. Pango liko wazi. Kila anayepita barabarani anauona mpini na anaweza kuhesabu pampu mwenyewe.

Usinitumie pole wala kitambaa cheusi. Nataka ile sentensi aliyokuomba.

Ersilia


Serravalda, 1 Desemba 1642

Dada yangu,

Nimeisema.

Juzi, baada ya chakula, kabla swali halijatajwa, nilisimama. Nilisema yote mbele ya wote. Mnara wa kanisa, dhiraa kumi na nane, pango, kitabu, watu watatu wa Montegrigio, na mume wako kwa jina lake kamili. Nilisema, "Mtukufu, niliokota upande wa uongo nikaushinda ukweli kwa mzaha, na sasa watu wamezama." Nilidhani wananipeleka gerezani, na Mungu ananiona, nilifurahi.

Mtukufu akatabasamu. Akasema, "Leo Baccio ameamua kujipinga mwenyewe! Jambo jipya hili. Nani atamtetea Baccio wa mwaka jana?"

Akasimama Celio, msomi aliyefika majuzi kutoka Siena, kijana mwenye sauti nzuri. Alikuwa na kitabu changu. Akanijibu kwa maneno yangu yote, moja moja, na kuyasema aliyasema vizuri kuliko mimi. Alipofika kwenye chuki isiyopimwa kwa dhiraa, walipiga meza. Akasema kama Montegrigio maji yalisimama, bila shaka palivuja. Nikapiga kelele, "Hapavuji! Watu wamekufa!" Nilikuwa nalia, Ersilia. Mtukufu akamwegemea jirani yake akamwambia, "Ameleta na machozi. Safi sana."

Walipiga kura. Nimeshindwa. Celio alipewa nyama, mimi nikapewa tunda la peari la kufutia machozi.

Mkufu nimeuacha mezani kwa Fabrizio. Chumba nimekifunga. Sina kwa kwenda ila Pietracava. Sikuombi unifungulie mlango. Nanni hawezi ule mpini peke yake, na nafasi ya Lattanzio iko wazi. Niruhusu niishike mpaka nife.

Kaka yako,
Baccio


Pietracava, 10 Desemba 1642

Kaka Baccio,

Usije bado.

Montegrigio wamechimba shimo jingine. Tebaldo amefukuzwa, na aliyechukua nafasi yake, Menica ananiletea habari, ana kitabu chako juu ya meza yake na bomba refu liko uani linangoja. Nenda huko kwanza. Usiandike, maana barua zako zinajua kuchelewa. Nenda na miguu yako, usimame mdomoni mwa shimo, na kila mtu anayetaka kushuka mwambie wewe ni nani na ulifanya nini. Wakikucheka, waambie tena. Huko hakuna anayepiga meza. Mtafute Duccio asimame nawe. Yeye atajua maneno yako ni ya kweli.

Kaburi la Lattanzio liko kushoto mwa njia unapopanda, karibu na mti uliopigwa na radi. Utapita hapo kila asubuhi ukienda shimoni.

Watakaporudisha pampu za zamani, njoo. Mpini tumeushika mimi na Nanni. Dianora namlaza pembeni juu ya majani makavu, na sauti ya maji inambembeleza mpaka analala. Ana macho ya Lattanzio. Uliuliza.

Dada yako,
Ersilia